Kabla Hujaandika Barua ya Kujiuzulu: Kwa Watumishi Wapya wa Umma Kenya

Ukishaajiriwa serikalini, haipiti miaka mingi kabla watu wa kwenu hawajaanza kukusukuma ugombee kiti. Hakuna ubaya, ni haki yako kikatiba. Lakini nimefanya kazi katika ofisi ya wafanyakazi ya kaunti muda wa kutosha kuona watu wazuri wakikosa kazi na kiti kwa pamoja, kwa sababu tu hawakuhesabu miezi mapema.

Kifungu cha 43(5) cha Sheria ya Uchaguzi ya 2011 kinamtaka afisa wa umma anayetaka kugombea ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya uchaguzi. Uchaguzi mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Hesabu kurudi nyuma, kisha ujiachie wiki kadhaa za ziada. Kwa uchaguzi mdogo muda ni mfupi mno: siku saba tangu kiti kitangazwe kuwa wazi.

Nasikia sana, "Mimi si afisa wa umma, ni mwalimu tu." Soma Ibara ya 260 ya Katiba. Kinachoangaliwa ni mshahara wako unatoka wapi, wala si ukubwa wa cheo. Mwalimu wa TSC (tume inayoajiri walimu), muuguzi wa kaunti, chifu, karani, wote wamo. Walioachwa nje ya sharti hili ni wachache: rais na naibu wake, wabunge, magavana na manaibu wao, na wawakilishi wadi. Mawaziri hawamo kati ya hao walioachwa. Ndiyo maana Charles Keter aliacha uwaziri Februari 2022 ili agombee ugavana wa Kericho. Aprili akashindwa kwenye mchujo wa chama. Shika hilo vizuri: ukiangushwa kwenye mchujo, ile kazi uliyoiacha haikungoji.

Barua yenyewe mwandikie aliye na mamlaka juu ya ajira yako. Kwa mwalimu ni TSC. Kwa wengi wa kaunti ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Peleka nakala mbili, na yako igongwe muhuri wenye tarehe ya kupokelewa papo hapo mezani. Barua iliyoachwa kwa mlinzi getini haitakusaidia mpinzani wako akikushtaki. Likizo bila malipo si kujiuzulu. Na mshahara ukiendelea kuingia benki baada ya kujiuzulu, andika kwa maandishi usimamishwe, kwa sababu rekodi hiyo itatumiwa dhidi yako.

Sasa pesa, na hapa ndipo nawasihi zaidi. Chukua hati yako ya mshahara uone makato ya mikopo: sacco, benki, nyumba. Ukijiuzulu makato yanakoma lakini deni linabaki, na wadhamini wako, wenzako wa ofisini, ndio watakaofuatwa. Kaa nao kabla ya kuandika chochote. Kuhusu pensheni, walio kwenye mfumo wa michango ulioanza Januari 2021 na walio kwenye ule wa zamani hawako sawa, kwa hiyo omba ufafanuzi kwa maandishi ukiwa bado kazini.

Wala usiweke hesabu zako kwenye mshahara wa kiti unaousikia mitaani. Malipo ya maafisa wa serikali hupangwa na Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, chini ya Ibara ya 230, na yanaweza kuzuiwa. Wabunge walipojipa marupurupu ya nyumba ya shilingi 250,000 kwa mwezi, Mahakama Kuu iliamua Desemba 2020 kwamba ni kinyume cha sheria na ikaamuru pesa zirudishwe. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, nyongeza ya mishahara ya maafisa hao iliyokwisha kuchapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali ilisitishwa.

Mpaka siku barua yako itakapopokelewa, usivae rangi za chama wala kutumia gari la ofisi kwenda mikutanoni. Sheria ya Uongozi na Uadilifu inakataza kuendeleza maslahi ya chama cha kisiasa ukiwa kazini, na picha moja ya simu inatosha kukufungulia kesi ya nidhamu hata kabla hujajiuzulu.