Kwa walimu wakuu wapya: si kila mvutano unatafuta mshindi

Wiki hii nilihudhuria kikao ambamo mwalimu mkuu aliyeteuliwa miezi michache iliyopita alitangaza kwamba kuanzia sasa kila jambo litaamuliwa na idara zenyewe, kwa sababu mtangulizi wake alibana mno. Mwezi uliopita nilimsikia mwenzake akitangaza kinyume chake, kwa uhakika uleule. Wote wawili nawapenda, na wote wawili wamenikosesha usingizi, kwa kuwa njia waliyoishika naijua hadi inakoishia. Nawaandikia ninyi mnaoanza kuongoza shule, idara au timu yoyote, kabla hamjaziba ufa wa ukuta mmoja kwa matofali ya ukuta wa pili.

1. Tofautisheni tatizo na mvutano. Darasa lisilo na mwalimu wa hisabati ni tatizo, akipatikana, limekwisha. Lakini uhuru wa mwalimu na mwongozo wa pamoja, kumsaidia mwalimu na kumwajibisha, kudumisha na kubadilisha, hizo ni ncha mbili zinazotegemeana kama kuvuta pumzi na kuitoa. Jiulizeni: nikiushika upande huu na kuusahau ule kwa mwaka mzima, je, huu niliouchagua utabaki salama? Kama hautabaki, acheni kutafuta mshindi.

2. Mimi sikujiuliza hivyo, na waliolipa ni watoto na walimu. Nilipokabidhiwa shule, mikondo mitatu ya darasa moja ilikuwa kwenye mada tatu tofauti, na mwanafunzi aliyehamishwa mkondo alipotea kabisa. Nikaagiza andalio la somo la aina moja, mada moja kwa wiki, na ukaguzi wa kila Ijumaa. Muhula wa kwanza mambo yalinyooka kweli: walimu wageni walipata pa kushika, na mitihani ya pamoja ikawa na maana. Mafanikio hayo ndiyo yaliyonifumba macho.

Shuleni hapo palikuwa na mwalimu wa sayansi aliyekuwa akitoka na wanafunzi uwanjani, akachomeka kijiti ardhini, wakapima kivuli chake asubuhi, adhuhuri na jioni, wakabishana kwa nini kimefupika kisha kikarefuka tena. Muhula wa pili nilipita kwenye darasa lake, nikamsikia mtoto akiuliza kwa nini kivuli cha adhuhuri ni kifupi. Akamjibu kwa upole kwamba hilo ni la wiki ya saba, akafungua ukurasa wa siku ile. Kijiti kilikuwa kimeegemezwa kwenye kona, nyuma ya mlango. Nilikiona, nikaendelea na safari yangu.

Ijumaa hiyo nilikuta maandalio manne ya walimu wanne yenye kosa lilelile la tahajia kwenye mstari uleule. Walikuwa wananakili ili niridhike. Badala ya kuwauliza kulikoni, niliongeza siku ya ukaguzi. Mwalimu wa vivuli akaja ofisini kuniambia kwamba hafundishi tena, anatekeleza tu. Nilimwita mpinzani wa mabadiliko, mbele ya msaidizi wangu. Akaomba uhamisho, akaupata.

Kuondoka kwake kulinishtua, nikafanya kosa la pili lenye sura ya toba: nikafuta ukaguzi, nikafuta mada za pamoja, kila mwalimu afundishe aonavyo. Walimu wazoefu walichanua, lakini waliotoka chuoni mwaka ule walibaki wakihangaika kimyakimya, na kabla mwaka haujaisha mikondo mitatu ilikuwa tena kwenye mada tatu. Nilikuwa nimerudi nilipoanzia, bila mwalimu wangu bora.

3. Choreni. Barry Johnson, mshauri wa uongozi kutoka Marekani, alibuni mchoro wake wa mvutano mwaka 1975: visanduku vinne, juu faida za kila ncha, chini madhara ya kuizidisha huku nyingine ikisahauliwa; juu kabisa lengo la pamoja, chini kabisa hofu ya pamoja. Madhara ya ncha moja ndiyo yanayotusukuma kuikimbilia nyingine, na mwendo huo haukomi. Jazeni mchoro pamoja na walimu, mkianza na faida za upande msioupenda.

4. Anayekupinga kwa kawaida amesimama pale ulipopaacha wazi. Muulize anaogopa kupoteza nini, kisha nyamaza asikike. Katika shule niliyoongoza baadaye, mkuu wa idara mmoja alikataa ushirikiano wa idara wiki baada ya wiki. Nilipomuuliza hatimaye, alinionyesha ratiba iliyojaa vikao hata hakuna saa ya kusahihisha madaftari. Alikuwa anailinda kazi yenyewe. Tulifuta kikao kimoja, na vilivyobaki alivihudhuria kwa moyo.

5. Kubalianeni mapema juu ya dalili. Sisi tuliandika mbili kwenye ubao wa chumba cha walimu: maandalio yakianza kufanana neno kwa neno, tumebana mno, mwanafunzi akihama mkondo na kushindwa kufuata somo kwa wiki nzima, tumelegeza mno. Mwalimu yeyote, hata wa mwaka wa kwanza, aliruhusiwa kuitaja dalili kikaoni, na mada za wiki tukaziacha za pamoja huku namna ya kuzifundisha ikiwa ya mwalimu. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa binti aliyetoka chuoni muhula ule, akiwa ameshika maandalio mawili yaliyofanana, moja likiwa lake mwenyewe.