Msiguse lipu ya ndani kabla hamjapima baraza: kwa mafundi wapya

Wadogo zangu, nawapenda, lakini nimechoka kuwakuta mnakwangua rangi iliyobabuka chumbani huku upande wa pili wa ukuta huohuo maji yametuama barazani. Tokeni nje kwanza.

1. Tafuteni DPC, yaani tabaka la kuzuia unyevu lililolazwa ndani ya ukuta, juu kidogo ya ardhi. Uso wa baraza ukae angalau milimita 150 chini yake, kwa sababu matone ya mvua yakigonga sakafu ngumu huruka na kulowesha tofali za chini.

Kosa linaloniuma kuliko yote ni kumwaga zege jipya juu ya la zamani ili kukwepa kutindua. Kuna nyumba tuliitwa baada ya wenzetu kufanya hivyo. Baraza lilipendeza kweli, vigae vimenyooka, ila DPC ilikuwa imezikwa na matundu ya hewa yamezibwa nusu. Mvua zilipoanza, ukuta wa chumba cha watoto ukalowa. Wakarudi, wakapiga lipu yenye dawa ya kuzuia maji. Hapo wakaharibu zaidi: unyevu uliokuwa ukitoka polepole kwa kukauka ulikosa njia, ukapanda hadi juu ya lipu mpya na kuchanua chumvi. Tulipofika, mbao za chini ya ukuta zilibonyea kwa kidole. Tukatindua yote mawili, zege na lipu. Yule mama alikuwa amelipia baraza, akalipia lipu, sasa analipia kubomoa vyote. Kuna siku niliona aibu kwa niaba ya ufundi wetu wote, na siku ile ilikuwa mojawapo.

2. Mwinamo uende mbali na ukuta, 1 kwa 80 au zaidi, yaani milimita 12.5 kwa kila mita. Fungeni uzi, wekeni pima maji, kisha mwageni ndoo mbili mtazame yanakoelekea.

3. Baraza likishindikana kushushwa, kateni ukanda kando ya ukuta, lazeni bomba la matundu ndani ya kitambaa cha kuchuja, jazeni kokoto. Msichimbe kufikia kitako cha msingi. Na kokoto bila pa kutolea maji ni bwawa mlilolificha. Niliwahi kufukua ukanda wa namna hiyo wiki nzima baada ya mvua, ukawa bado umejaa.

4. Mfereji wa wavu ufuatilieni hadi mwisho wake. Shimo la kunyonya maji liwe mita 5 au zaidi kutoka kwenye nyumba. Gata inayovuja juu ya baraza mzibe siku ya kwanza.

5. Ukuta wa tofali hukauka kwa makadirio ya milimita 25 za unene kwa mwezi, na hapo hewa inapita vizuri. Ukuta wa milimita 225 unaweza kuhitaji miezi tisa. Liandikeni hilo kwenye makisio ya kazi, mwenye nyumba alisome kabla hajatoa malipo ya awali, maana akishanunua rangi atawasukuma mpake.