Mmea usiokufa, uogope

Nilipewa miche mitatu ya gugu maji kwenye ndoo, na aliyenipa akaisifia: "Hii haifi, wala haitaki mbolea." Nikaona nimepata. Nikaitupia kwenye kidimbwi changu cha samaki, nikawa nasubiri yale maua ya zambarau.

Maua yalikuja, sikatai. Lakini miezi miwili baadaye maji yenyewe sikuyaona tena. Kila jani limekaa juu ya kikonyo kilichovimba kama puto, na chini yake mizizi myeusi kama ndevu zilizolowa. Ukivuta mche mmoja unakuja na ndugu zake sita. Alfajiri samaki walikuwa juujuu, midomo nje, wanatweta. Chini hewa imekwisha. Gugu hili likipata joto na maji yenye rutuba huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi, na mbegu zake huweza kulala kwenye tope hata miaka 20.

Siku hizi sifa ile ile ndiyo inayonitisha. Mmea mgeni haufi kwa sababu waliokuwa wakiula wamebaki kwao. Huko Amerika ya Kusini gugu maji lina fukusi wake, mdudu mdogo anayelitafuna. Lilipoenea Ziwa Victoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 halikukuta adui, likaziba bandari na njia za mitumbwi, mpaka fukusi hao wakaletwa miaka ya 1990. Australia nayo ilipoteza zaidi ya hekta milioni 20 kwa dungusi, mmea wa miiba wa jamii ya kakati, kabla ya nondo wa Argentina, ambaye viwavi wake huutafuna, kuachiwa mwaka 1926. (Usijaribu nyumbani! Kuingiza mdudu ni kazi ya wataalamu.)

Basi ukipewa mche, uliza umewahi kusumbua wapi. Tafuta jina lake la kisayansi, maana la muuzaji hubadilika kila msimu. Kama umesumbua penye hali ya hewa kama yako, uache. Wenye vitunda vinavyopendwa na ndege, kama lantana, uogope zaidi. Ndege hajui ua wako unaishia wapi.

Kosa langu kubwa hata hivyo lilikuwa kwenye kung'oa. Nililundika magugu kando ya mtaro, usiku mvua ikanyesha, asubuhi lundo halipo. Sasa nang'oa kabla hayajachanua, nayaanika kwenye saruji mbali na maji hadi yavunjike mkononi. Kidimbwi nakikagua kila wiki. Juzi nimeopoa kimche kimoja, hakizidi ukubwa wa sarafu.