Maswali ya Wasomaji: Vigae vimewekwa, hewa bado inavuja

Barua nyingi za safari hii zinahusu Oxygen Not Included, gemu ya Klei Entertainment ya Kanada iliyotoka rasmi mwaka 2019. Humo unajenga koloni ndani ya sayari ndogo, na hewa ikiisha, wakazi wako wanakufa.

Tunacheza watu 4 kwa zamu kwenye kompyuta moja hapa Kondele, Kisumu. Bweni letu lina vigae (matofali ya gemu ya kujengea kuta na sakafu) pande zote na vitanda 8, lakini gemu hailitambui kuwa bweni. Tumekosea wapi?

Bonyezeni F11 muone mipaka ya vyumba. Bweni linatakiwa kuwa na nafasi 12 hadi 64, yaani miraba ya ramani ya gemu, kuta hazihesabiwi. Upana wa 16 kwa kimo cha 4 ni 64 kamili. Mkipanua kwa safu moja tu mnafika 68 na bweni linakataliwa. Kama hesabu iko sawa, tazameni ngazi. Ngazi ikitoboa sakafu, chumba cha juu na cha chini vinakuwa kimoja. Ipitisheni kando, nje ya kuta, kisha kila ghorofa iwe na mlango wake. Jenereta nayo ikikaa humo ndani inaliharibu bweni hata kama kuta hazina dosari.

Niko Section 58, Nakuru. Chumba changu gemu imekikubali, lakini gesi ya klorini inaingia. Nilidhani kikikubaliwa kimezibika?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoteza koloni. Gemu inaangalia tu kama kuna mpaka. Mlango wa nyumatiki ni mpaka, lakini unapitisha hewa hata ukiwa umefungwa. Kigae cha kupitisha hewa na kile cha wavu ni vivyo hivyo. Mlango mzito wa kuzuia hewa unaziba kweli, ila kila mkazi akipita unafunguka, na kiasi kidogo cha klorini kinapenya naye. Wakipita mara 50 kwa siku, utaikuta imetanda sakafuni, kwa kuwa ni nzito kuliko oksijeni.

Dawa ni kizuizi cha maji. Chimba shimo la upana wa 3 na kina cha 2 katikati ya ushoroba. Weka vigae 3 chini na 2 kila upande. Kisha shusha ukuta kutoka darini juu ya safu ya katikati mpaka usawa wa sakafu; ushoroba wa kimo cha 4 unataka vigae 4. Jumla ni vigae 11, na kila kimoja kinakula kilo 200 za mawe, yaani kilo 2,200. Weka ngazi pande zote mbili za shimo, halafu mimina maji kama kilo 3,500. Nafasi moja hubeba kilo 1,000, kwa hiyo safu ya chini inajaa na ya juu inapata maji ya kutosha kugusa ukuta ule. Mkazi anapita chini yake, hewa haipiti. Usitumie maji machafu, yanatoa oksijeni chafu. Wakazi watalowa na msongo wao utapanda kidogo, kwa hiyo usikiweke kwenye njia ya kwenda kula.

Je, kona zinahitaji kigae? (Kakamega)

Hazihitaji. Hewa na maji huenda juu, chini, kushoto na kulia tu, hayakati kona. Okoa kilo zako 200.

Nimezungushia mashine zangu ukuta, hewa haitoki, lakini shamba langu la pembeni linakauka kwa joto. (Bungoma)

Kigae cha kawaida kinazuia hewa, joto kinalipitisha. Badilisha ukuta wote uwe wa vigae vya kuhami joto, kilo 400 kila kimoja. Vya kauri ni bora kuliko vya mawe. Kisha fuata mabomba. Bomba la kawaida lililopita ndani ya ukuta linabadilishana joto na kigae hicho, hivyo kipande hicho nacho kiwe cha kuhami. Waya mzito wa umeme haupiti ndani ya kigae kabisa. Wengi huacha tundu kwa ajili yake, na mvuke unavujia hapohapo. Weka bamba lake la kuungia waya: linaziba hewa, ingawa ni chuma na litapasha joto upande wa pili. Bonyeza F3 uone joto kwa rangi baada ya mizunguko (siku za gemu) michache. Rangi ikianza kubadilika nje ya ukuta, anzia kwenye bamba hilo.