Ufa unaorudi kwenye kona ya mlango katika ukuta wa jipsamu

Swali: Nyumbani kwetu Pasua, Moshi, sebule na chumba vimetenganishwa kwa ukuta wa bodi za jipsamu. Juu ya mlango, kuanzia kwenye kona, kuna ufa unaopanda mshazari kuelekea dari, na pembeni mwa fremu, usawa wa kitasa, bodi imemeguka kiasi cha kiganja. Fundi ameziba kwa puti mara mbili, lakini ufa umerudi pale pale. Je, tubomoe ukuta wote?

Jibu: Ukuta msiubomoe. Ufa unaorudi pale pale kwa kawaida huonyesha kuwa kuna kitu nyuma yake kinachocheza, na penye mlango kitu cha kwanza kushukiwa ni fremu. Weka vidole juu ya ufa, kisha mwenzako afunge mlango kama mnavyoufunga siku zote. Ukihisi kingo zake zinasogea, puti yoyote mtakayoweka itapasuka, hata iwe ya bei gani.

Bandueni mbao za urembo zinazozunguka fremu, mkague kama fremu imefungwa kwenye nguzo za ndani ya ukuta au imepigiliwa misumari michache kwenye bodi tu, jambo ninalolikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda. Bodi ni jipsamu iliyobanwa kati ya karatasi mbili, na haikukusudiwa kubeba mlango. Fundi ajaze nafasi iliyo kati ya fremu na nguzo kwa vipande vya mbao, kisha akaze skrubu ndefu zinazoingia kwenye nguzo yenyewe, hasa penye bawaba. Mbao ikitoa unga wa dumuzi, ibadilishwe kwanza.

Palipomeguka, akate mraba mpaka kwenye bodi nzima, aweke ubao nyuma na kufunga kipande kipya chenye unene ule ule. Bodi za ukuta mara nyingi huwa na milimita 12.5, ilhali nyingi za dari ni 9, kwa hiyo kipande kilichosalia kutoka kazi ya dari kitaacha bonde. Vichwa vya skrubu vizame kidogo bila kuchana karatasi.

Ufa wima ulionyooka kwa kawaida ni maungio ya bodi mbili. Huu wenu, kwa kuwa ni mshazari, inaelekea umepasua bodi yenyewe. Kama kingo zake ni imara, utanuliwe kidogo kwa kisu, ufutwe vumbi, ubandikwe utepe wa karatasi juu ya puti mbichi, kisha zifuate tabaka mbili nyembamba, kila moja pana kuliko iliyotangulia na baada ya ile ya chini kukauka kabisa. Wakati wa masika tabaka moja huweza kuchukua zaidi ya siku, na fundi anayetaka kumaliza kazi jioni ile ile asikubaliwe. Kingo zikibonyea, bodi ya kona hiyo ibadilishwe kwa kipande kimoja chenye umbo la L kinachopinda juu ya mlango, ili maungio yasiangukie kwenye kona.

Baada ya msasa, pakeni praima, yaani rangi ya msingi, kabla ya rangi yenyewe, kwa kuwa puti hunywa rangi kuliko ukuta wa zamani na kiraka kitaonekana kila taa ikiwashwa.