Siku Yako Ina Saa Ngapi? Ushauri kwa Anayepima Mwelekeo wa Mionzi ya Kosmiki

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya kupima mionzi ya kosmiki, yaani chembe zenye nishati kubwa zinazofika Duniani kutoka anga za mbali, nilipata wimbi: hesabu ya chembe iliyopanda na kushuka kila siku. Nilikuwa na vigunduzi viwili vya muoni (chembe zinazozaliwa mionzi hiyo inapogonga hewa), kimoja juu ya kingine, data za miezi minne, na mchoro ulioonyesha kwamba upande mmoja wa anga unaleta chembe nyingi kuliko upande wa pili kwa takriban asilimia 0.3. Usiku ule usingizi haukuja. Asubuhi mwalimu wangu aliutazama mchoro kwa muda mrefu, akauliza: "Siku yako ina saa ngapi?"

Dunia huzunguka mara moja, ukiipima kwa nyota, kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Ukiipima kwa Jua, ni saa 24. Mionzi ikiwa kweli inakuja kwa wingi kutoka upande fulani wa anga ya mbali, wimbi litafuata siku ya nyota. Likitokana na joto la mchana, kanieneo ya hewa au umeme unaopanda na kushuka chumbani mwako, litafuata siku ya Jua. Siku hizi mbili huachana kwa dakika 4 tu kila siku, yaani saa 2 kwa mwezi. Katika miezi yangu minne zilikuwa zimeachana saa 8, kwa hiyo wimbi la Jua lilijipaka kwenye mchoro wa nyota, nami nikaliita ugunduzi. Basi kusanya mwaka mzima, tena bila mapengo. Mwaka ukitimia, siku za nyota zimezizidi siku za Jua kwa moja kamili, na wimbi la Jua lisilobadilika linajifuta.

Ila wimbi la Jua hubadilika. Likiwa kubwa majira ya joto na dogo majira ya baridi, huvuja kwenye siku ya nyota hata ukiwa na mwaka mzima. Hapa kuna mbinu ninayoipenda kuliko zote, iliyoelezwa na Farley na Storey mwaka 1954. Mwaka una mizunguko 365 ya Jua na 366 ya nyota. Wewe chora data zako pia kwa mizunguko 364, siku bandia isiyofuatwa na kitu chochote angani. Wimbi likijitokeza humo, jua kwamba kiasi kama hicho kimevuja upande wa nyota. Mwaka wangu ulipotimia nilifanya hivyo. Wimbi lilikuwemo kwenye siku bandia, karibu sawa na lile la nyota. Iliniuma sana, lakini nilishukuru kwamba nilikuwa sijalitangaza.

Hewa ndiyo iliyonichosha zaidi. Kanieneo ikipanda kwa hektopaskali 1, muoni hupungua kwa kama asilimia 0.1 hadi 0.2. Nacho tunachokitafuta, kwa chembe zenye nishati ya trilioni kadhaa za elektronivolti (kipimo kidogo cha nishati), ni tofauti ya takriban sehemu 1 katika 1,000. Weka kipimahewa karibu na kigunduzi tangu siku ya kwanza. Usingoje kuazima takwimu za hali ya hewa baadaye, kama nilivyofanya mimi.

Wingi wa matukio, yaani chembe zilizohesabiwa, haukunisumbua, maana muoni ni nyingi. Utakusumbua ukihamia nishati kubwa, ambako chembe ni adimu. Hata anga isiyo na upendeleo wowote, ukihesabu matukio 10,000 tu, kwa bahati itakupa wimbi la wastani wa asilimia 1.8. Ili kuiona ile sehemu 1 katika 1,000 bila wasiwasi unahitaji matukio kama milioni 50. Ndiyo maana kazi hii imefanywa na mitambo kama IceCube, iliyozikwa ndani ya barafu ya Ncha ya Kusini na kurekodi muoni mabilioni kila mwaka.

Ukiwa na data za namna hiyo, anza na jambo ambalo jibu lake linajulikana. Dunia husafiri kulizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, kwa hiyo mionzi huzidi kidogo upande tunakoelekea. Kwenye siku ya Jua lazima uone wimbi la karibu asilimia 0.05, lenye kilele mnamo saa 12 asubuhi. Usipoliona, rudi kwenye kifaa kabla ya kusema lolote kuhusu galaksi.

Mfano unaonipa moyo ni Pierre Auger, kituo cha kuchunguza mionzi ya kosmiki kule Argentina. Walikusanya data tangu 2004, na mwaka 2017 ndipo walipotangaza tofauti ya asilimia 6.5 kwa chembe zinazozidi elektronivolti bilioni bilioni 8, kwa matukio zaidi ya 30,000. Kilele chake kiko nyuzi kama 125 kutoka kitovu cha galaksi yetu, dalili kwamba chembe hizo zinatoka nje yake.

Mimi sasa nina miaka mitatu ya data. Baada ya kusahihisha kanieneo na joto, mchoro wa nyota na ule wa siku bandia vinafanana, kwa hiyo kwenye ripoti nimeandika kikomo cha juu, yaani kiwango ambacho wimbi, kama lipo, halikizidi, wala sikuandika wimbi.