Kuchelewa ndiko kusaidiwa

Swali la wiki hii: je, ruzuku zinazotolewa kwa kaya maskini zinawasaidia vijana kujitegemea au zinawachelewesha? Mimi nasema zinawachelewesha, na hiyo ndiyo faida yake.

Nyumba isiyo na akiba hukuza watoto upesi mno. Ugonjwa ukiingia au mvua ikikosa, mkubwa huacha shule akatafute kibarua, na binti huozwa ili sahani zipungue. Wamekuwa watu wazima, sawa, lakini kwa kusukumwa. Ruzuku, hata iwe ndogo, humwezesha mzazi kuahirisha uamuzi wa namna hiyo.

Kenya ina mpango wa ruzuku kwa kaya zinazolea yatima, ulioanza 2004. Watafiti walipowafuatilia vijana wa kaya hizo baada ya miaka kadhaa, walikuta wamechelewa kuanza ngono kuliko wenzao ambao kaya zao hazikupokea, na mimba kwa wasichana zilikuwa chache. Mpango wenyewe haukuanzishwa kwa ajili hiyo!

Mfano unaonikaa zaidi kichwani ni wa Zomba, Malawi. Kuanzia 2008, kwa miaka miwili, wasichana na wazazi wao walipewa fedha: kundi moja kwa sharti la kuhudhuria shule, jingine bila sharti lolote. Wenye sharti walifanya vizuri zaidi masomoni. Lakini ndoa na mimba zilipungua zaidi kwa wasio na sharti, kwa sababu msichana aliyeacha shule hakukatiwa. Wapenda masharti (nami nilikuwa mmoja wao) wamtazame huyo aliyeacha: ndiye aliyekuwa karibu zaidi kuolewa, na sharti ndilo lingemnyima. Kisha fedha zikakoma, na miaka miwili baadaye nafuu ile ya ndoa na mimba ikawa imeyeyuka.

Hapo ndipo ninapogombana na mipango hii. Inahesabu kaya, haimhesabu kijana. Akihama kutafuta maisha, ruzuku haimfuati. Afrika Kusini ilianza ruzuku ya mtoto 1998 kwa walio chini ya miaka 7, ikapandisha umri hatua kwa hatua hadi chini ya 18. Hatua nzuri, ila siku ya kutimiza 18 malipo hukoma, na wapo wanaofika siku hiyo wangali darasani.

Tanzania imejaribu kuliziba pengo hilo kwa mpango wa Ujana Salama: vijana wa kaya za walengwa wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaotoa ruzuku kwa kaya maskini) walipata mafunzo ya stadi za maisha na kazi, mtu mzima wa kuwashauri, na mtaji mdogo. Ningeongeza jambo moja tu. Mtaji huo usifutwe kwa sababu kijana amehama nyumbani, maana wengi huhama kwanza ndipo waanze.